Kisima Kilichochimbwa Mwezi wa Tano

“Nani anaipatia maji?”

Mama aliniuliza hivyo mwezi wa tisa, akinionyesha mti wa mubanga ulioota juu ya kichuguu nyuma ya nyumba yetu, upande wa Luano. Mvua ilikuwa haijanyesha tangu mwezi wa nne. Nyasi zilikuwa zimeungua na ardhi imepasuka, lakini mti ule ulikuwa unatoa majani mapya, mekundu, laini. Mimi nilisoma jiolojia chuo kikuu. Nilimjibu, “Mama, hiyo ni mambo ya botanique.” Elimu ya mimea, yaani, si kazi yangu.

Ndugu zangu, mnaonifahamu mnajua sikuwa mtu wa kusimama hapa mbele. Nilikuwa nakaa nyuma, karibu na mlango, nikihesabu makosa ya mahubiri. Siku moja nilimfuata padri hadi sakristia nikamwuliza mwamba alioupiga Musa ulikuwa mwamba wa aina gani. Akaniambia, “Wewe, utachokesha hata bamalaika.” Bado nauliza, msidhani nimepona. Nimekuja tu kuwaeleza nilivyoanguka, na maji yalivyopatikana.

Mkataba wangu wa kazi ulikwisha mwezi wa pili, haukuongezwa. Nilirudi kwa Mama, nikafunga dirisha la chumba, nikakaa humo miezi mitatu. Mama ni mjane. Alikuwa na matuta manne ya mboga, lengalenga na kabichi za Kichina, na hayo ndiyo yaliyotulisha. Mvua ilipokatika, asubuhi na jioni alikwenda kijitoni kuteka maji ya kumwagilia.

Mwezi wa tano nilitoka chumbani na wazo: tuchimbe kisima.

Nyote hapa mnajua desturi. Kisima huchimbwa mwezi wa kumi, maji yakiwa yameshuka chini kabisa. Ukiyapata wakati huo, umeyapata kwa mwaka mzima. Ukichimba mvua ikiwa ndiyo kwanza imekwisha, utayakuta karibu, utafurahi, halafu yatakukimbia. Mimi pia nililijua hilo. Lakini nilikuwa nimepima mteremko na kuchora tabaka za udongo, na karatasi yangu ilisema kwamba hapo kwetu maji hayatashuka sana. Karatasi hiyo bado ninayo. Imechorwa vizuri.

Tulimwita fundi wa visima. Simtaji jina, mwenyewe hapendi; tunamwita Papa tu, kwa heshima. Aliiangalia karatasi, akaigeuza, akanirudishia, akaniita injinia kama mtaa wote.

“Ingénieur, ngojea mwezi ya kumi.”

“Papa, ile ni mambo ya bankambo, bazee ba zamani. Miye nilisoma.”

“Bankambo nabo balikuwa banakunywa maji, hein.”

Mama alikuwa amesimama pale, mikono ina udongo. Nilitegemea angekuwa upande wa fundi. Akasema tu, “Chimba, Papa. Mutoto amesema.”

Kwenye mita tano maji yakatoka. Nilicheka mpaka majirani wakaja kuangalia. Nikamwambia Mama, “Unaona? Bila novena.” Naomba radhi kwa neno hilo juu ya sala, lakini nililisema, na nimeahidi kusema yote. Siku zilizofuata niliongeza matuta kutoka manne hadi kumi na mawili.

Mwezi wa nane ndoo ilianza kuleta tope. Mwezi wa tisa ilileta vumbi.

Mama akarudi kijitoni. Nacho kilikuwa kimepungua, ikabidi ashuke mbali zaidi, kwenye ukingo mkali, na safari hii alikuwa anatekea matuta kumi na mawili. Nilimwambia aache yale manane yangu yafe.

“Mboga haina makosa,” alisema.

Aliteleza na bidoni ya maji kichwani. Mkono wa kushoto ulivunjika.

Sasa nawaambia mahali nilipoanguka mimi. Si kisimani. Wasomi hukosea, hiyo si habari. Nilianguka siku tuliyotoka hospitali. Nilimfikisha Mama nyumbani na mkono wake wenye plasta, nikaingia chumbani, nikafunga mlango. Sikwenda kijitoni, hata mara moja. Kina mama wa jumuiya hii, mmekaa pale na nawaona, ninyi ndio mliokuja na bidoni zenu kunywesha matuta yangu mimi nikiwa kitandani. Na niliwasikia dirishani.

“Ingénieur iko wapi?”

“Iko analala.”

“Mumuache, labda iko anapima kitanda.”

Mlicheka sana. Nilivuta shuka nikajifunika kichwa. Nilifikiri kwamba kama Mungu yupo, na anawapa watu maji, basi ananiona mimi naye anacheka pamoja nanyi.

Siku ya nane Mama alifungua mlango kwa bega, akanivuta kwa mkono mzima hadi nyuma ya nyumba. Hapo ndipo aliponiuliza lile swali juu ya mubanga. Niliposhindwa hakunihubiria. Alisema, “Bon. Ukijua, utaniambia,” akarudi kwenye matuta yake. Mimi nikachukua bidoni, nikashuka kijitoni. Hakuna zaidi. Sikuamini kitu chochote siku ile, nilibeba maji tu, hiyo siku na siku zilizofuata.

Katikati ya mwezi wa kumi fundi alitokea asubuhi na kamba yake. Nilisubiri anicheke.

“Sikukuya kucheka,” alisema. “Nitacheka tukipata maji.”

Alichimba siku mbili ndani ya kisima kilekile. Alipokaribia mita saba alikutana na udongo mgumu kama tofali, na mgongo ukamkamata. Siku ya tatu alininyooshea sururu fupi.

“Leo ni wewe unashuka. Miye nitavuta.”

“Mimi, Papa?”

“Ku karatasi ulishuka muzuri sana.”

Kuna utaratibu. Kwanza huteremshwa mshumaa, kuona kama hewa ya chini inafaa. Halafu anayeshuka huanzisha Baba Yetu, na walioko juu humwitikia. Mshumaa ulifika chini, ukawaka bila kutikisika. Mimi nikajifunga kamba kiunoni.

“Anza,” fundi alisema.

“Papa, tushuke tu.”

“Miye sishushe muntu mwenye hajasali. Shimo si ya mama yako.”

“Shimo iko yangu, Papa,” Mama alisema nyuma yetu. “Lakini na miye sipendi ashuke bila kusali.” Alikuwa ameishika kamba pamoja na fundi, kwa mkono wake mmoja.

Nikaanza. Nilipofika kwenye mkate wa kila siku nilikwama, kwa sababu niliona ni mara ya kwanza naomba kitu ambacho kweli sina. Wao wakamalizia, nikashuka.

Chini kuna baridi. Niliinua mshumaa, nikaona mzizi. Unene wake ulikuwa wa kidole gumba. Ulitoka ukutani, upande wa kichuguu cha ule mubanga, ukashuka kando ya ukuta, ukaingia kwenye sakafu ngumu mahali penye ufa mdogo. Niliugusa. Mzizi haushuki bure, haupotezi nguvu kwenda mahali pasipo na kitu. Hilo si fumbo, ni biolojia ya shule ya sekondari, na nilikuwa nimekaa juu yake miezi mitano.

Nilipiga pembeni ya ule ufa. Kazi ilichukua karibu asubuhi nzima. Tabaka lilipovunjika, chini yake palikuwa na changarawe, na changarawe ilikuwa na unyevu. Maji hayakuruka wala hayakutoa sauti. Niliyajua kwa vidole vya miguu.

“Papa! Iko!”

“Iko nini?”

“Maji!”

“Ya ingénieur ama ya Mungu?”

“Vuta ndoo, Papa!”

Hapo ndipo alipocheka.

Ninaweza kuwaeleza yale maji yalipitia wapi. Ninaweza kuwachorea tabaka lililoyafunika, na safari hii mchoro ni sahihi. Lakini njia ya maji ni jambo moja, na kwamba yalikuwepo pale, yamewekwa, mti unayanywa huku mimi nakauka juu yake, ni jambo jingine. Sikulipata jambo hilo kwenye karatasi. Nililipata nikiwa nimepiga magoti, maana kule chini hakuna nafasi ya kufanya kazi ukiwa umesimama.

Namshukuru Mungu. Namshukuru fundi, na ninyi kina mama wa bidoni, pamoja na utani wenu. Kama yupo hapa kijana aliyefunga mlango wake kwa aibu, namwambia hivi: usingoje kuamini ndipo utoke. Toka ubebe maji. Mengine yatakukuta njiani.

Kisima hicho hakijakauka tena, na sasa ni mwaka wa tatu. Mwezi uliopita, tukibangua karanga, nilimwuliza Mama nani alimwita fundi mwezi ule wa kumi. Alisema ni yeye. Alimwita mwezi wa tano, siku ileile maji yalipotoka: alimsindikiza hadi barabarani wakapatana arudi, kwa sababu alijua kisima kitakauka.

“Sasa juu ya nini ulimuacha achimbe?”

“Tangu kazi yako ilikwisha ulikuwa haucheke,” alisema. “Siku ile ulicheka.”