Taa ya Chini ya Daraja la Mtoni

Mgeni rasmi, mama yetu Lilian Sayialel, mwenye duka la vifaa vya umeme Morogoro: walio wadogo kwako wanakuamkia shikamoo. Sisi wavukaji wa daraja la miguu la Mtoni, hapa Mikumi, tunakukaribisha nyumbani. Ugeni wenyewe ni wa leo tu, maana madaftari yako ya darasa la tatu yalivuka hapa yakiwa kichwani mwako.

TULIKOTOKA

Utamkumbuka Mzee Tomasi. Kila jioni ya masika alitelemka na chemli mbili, vioo kavisugua kwa gazeti mpaka vinang'aa. Moja aliitundika kwenye ukingo wa juu, ya pili aliifunga kwa waya kwenye ngazi ya chini kabisa. Hii ya chini ndiyo iliyokuwa na kazi. Maji yakipanda, huizima. Ikizimika havuki mtu, hata awe na haraka gani. "Mto umeshasema," alikuwa akituambia, kisha anakaa nasi ng'ambo akitusimulia visa mpaka maji yapungue. Hata harufu ya yale mafuta ya taa tunaikumbuka. Zilikuwa jioni nzuri, mama.

TULIYOFANYA

Mwaka juzi tulichanga tukanunua taa za LED za mkanda, tukazibandika kuanzia ukingoni hadi ngazini. Fundi wetu Nickson alituuliza tunataka zipi, nasi tukachagua kwa rangi. Mzee Tomasi tukamstaafisha kwa makofi na shuka jipya. Daraja lilipendeza, watu wakawa wanakuja kupiga picha.

YALIYOTUPATA

Manyunyu ya kwanza tu, zikazimika zote. Nasi kwa mazoea yetu tukajua mto umejaa! Tulisimama ng'ambo na mizigo ya sokoni, hadi Ngoitiko akatupita na ng'ombe wake, maji hayavuki kwato. Tulicheka sana. Tangu hapo giza la darajani halikututisha tena, na hapo ndipo tulipokosea. Mwezi wa nne mto ulijaa kweli. Mwenzetu Magreti akashuka gizani akidhani ni zilezile taa mbovu. Mzee Tomasi ndiye aliyesikia kelele zake. Akamvuta kwa fimbo, lakini yeye mwenyewe akateleza, akavunjika nyonga. Magreti yuko hapa mbele yako. Mzee hatembei tena, na jambo hilo linatuuma.

OMBI

Maboksi ya taa uliyotuletea leo tumeyapokea kwa moyo wote. Ila Nickson ameyasoma, yameandikwa IP20, sawa na zile za kwanza. Sasa tumejifunza kwamba tarakimu ya mwisho ndiyo ya maji, na sifuri ni taa ya sebuleni. Tunaomba, ukiweza, utubadilishie kwa IP65 zinazohimili mvua, pamoja na vifuniko na gundi ya kuzibia ncha tunapokata.

Kwa ngazi ya chini tulitamani IP67, zinazowaka hata zikizama kwa muda. Tukampelekea Mzee habari hiyo kitandani. "Ikizama na bado inawaka," akauliza, "mtajuaje?"

Kwa hiyo ngazi ya chini, mama, usituletee kitu. Chemli ya Mzee ipo, na Magreti ndiye anayeiwasha sasa kila jioni. Hiyo moja tuachie izimike.

Mungu akufikishe Morogoro salama, na kila mto utakaouvuka uukute umetulia.

Ni sisi,
Wavukaji wa Daraja la Mtoni, Mikumi