Kiti cha Amina

Fundi cherehani alikuwa amepakata vikombe vitatu vipya. "Mko watatu nyumbani?" akauliza muuza mayai aliyeketi naye basini.

"Wawili, dada. Mimi na mama. Ugonjwa wa kusahau umemshika, na majirani nao wametusahau. Hakuna abishaye hodi. Basi kila jioni nasali naye. Nikisema 'Amina', mama ananigombeza: 'Amina kaja, hata kiti humpi?'"

Basi zima lilijifanya halisikii, huku shingo zikirefuka.

"Ukampa?"

"Nimempa. Sasa mama analalamika kwamba hatumpi chai."

"Mdogo wangu, huko ni kumdanganya mzazi. Tena ndani ya sala! Mwambie ukweli."

"Nimwambie kwamba mgeni pekee aliyetubakia hayupo? Dada, mimi mwenyewe nikielemewa hukigeukia kile kiti, nikamwomba Mungu nguvu. Na huzipata."

Basi likasimama. Fundi akashuka, vikombe vikigongana.

"Uongo ni uongo tu!" muuza mayai akamfokea kupitia dirishani. Kisha akashusha sauti. "Haya, nisalimie mama. Na Amina."