Kirusi Kilichoruka Ukuta

SHANGAZI: Haloo? Nani mwenzangu? Sema upesi, nimechelewa!

MTAFITI: Shikamoo, Shangazi. Ni mimi, niko maabara.

SHANGAZI: Marahaba, mwanangu! Majibu ya kuku yametoka? Saa kumi niko kwa mwenyekiti wa mtaa, namshtaki jirani yangu fundi cherehani. Ugonjwa wa mdondo wa kuku wake umenimalizia kuku kumi na mmoja—

MTAFITI: Usiende.

SHANGAZI: Eh? Unakatika!

MTAFITI: Usiende! Sikiliza. Kirusi kikijinakili hukosea herufi za vinasaba vyake hapa na pale. Kompyuta imelinganisha makosa ya virusi vya banda lako na vya banda la fundi, ikachora ukoo wao—

SHANGAZI: Na babu yao katoka kwa fundi!

MTAFITI: Ndiyo, lakini—

SHANGAZI: Nilisema mimi!

MTAFITI: —halafu kikarudi kwake.

SHANGAZI: Kikarudi?

MTAFITI: Kikaja tena kwako. Kikarudi tena. Mara nne, ndani ya wiki tano.

SHANGAZI: Ni jogoo wake. Hana adabu yule.

MTAFITI: Ukuta wa futi nane, una vipande vya chupa juu.

SHANGAZI: Basi upepo.

MTAFITI: Kirusi hiki hubebwa hata na matope ya viatu. Mtu anatoka bandani kwako, anakwenda kwa fundi, anarudi—

SHANGAZI: Haloo? Haloo? Sikusikii!

MTAFITI: Haloo? Shangazi?

SHANGAZI: Mtandao mbovu.

MTAFITI: Mbona mimi nakupata vizuri?

SHANGAZI: Huo ukoo... baba yako kauona?

MTAFITI: Bado. Si ulisema hamjaongea na fundi tangu mwaka juzi?

SHANGAZI: Kuongea, hatuongei sana.

MTAFITI: Shangazi!

SHANGAZI: Gauni lilinibana, mwanangu! Akalipanua.

MTAFITI: Mara nne?

SHANGAZI: Likapwaya, akalipunguza. Fundi makini yule.

MTAFITI: Sasa kwa nini umshtaki?

SHANGAZI: Watu walishaanza kutuangalia! Tukaona bora tugombane kidogo mbele za watu.

MTAFITI: Tukaona? Wewe na nani? [kikohozi upande wa pili] Nani huyo anakohoa?

SHANGAZI: Jogoo.

MTAFITI: Jogoo anauliza sukari vijiko vingapi?

SHANGAZI: Viwili. Si wewe, mwanangu, namjibu... jogoo.

MTAFITI: Achana na kesi hiyo leo hii. Vifaranga waliobaki wachanjwe, na viatu mvisugue kwa sabuni. Nyote wawili!

SHANGAZI: Haya, haya. Salio linaisha!

MTAFITI: Nimepiga mimi!

SHANGAZI: Basi lako linaisha, maskini, usijimalize— kwa heri, kwa heri!