Mzee Laurean na Hoja Namba Saba

Ijumaa ya tarehe 29 Mei, 2026, saa tisa alasiri, Mzee Laurean Rwezaura atakabidhi funguo za chumba cha kufulia baada ya miaka ishirini na minane na miezi miwili ya kazi katika nyumba hii ya kulelea wazee, hapa Rockville. Alipaswa kuzikabidhi Januari. Mkewe, Mama Dorothea, alikwisha kutangulia Bukoba akijua atafuatwa baada ya wiki mbili. Kilichomchelewesha Mzee ni mpira wa kikapu. Kwa kuwa wageni wengi wa hafla hii hawataamini, Kamati ya Ustawi wa Wafanyakazi imemwomba katibu wake, yaani mimi Vaileth, aeleze mambo yalivyokwenda.

Mzee alianza Machi 1998 akiwa mkunjaji wa taulo. Mwaka 2006 akawa msimamizi wa chumba chote: mashine sita, vikaushio vinne na meza moja ndefu ambayo hakuna anayeruhusiwa kuweka chai juu yake. Anaitambua soksi ya kila mkazi kwa kuitazama tu. Katika usimamizi wake hakuna aliyevaa sweta la mwenzake, ukiacha mwaka 2011, wazee wawili wa ghorofa ya tatu walipobadilishana kwa hiari na kukataa katakata kurudishiana.

Namna yake ya kuajiri inajulikana. Haulizi cheti. Anakupa shuka kumi zenye lastiki, zile zinazowashinda hata wenye nyumba zao, anakwambia uzikunje, kisha anakwenda kunywa maji. Akirudi hatazami shuka iliyokunjwa vizuri kuliko zote. Anaitazama ya kwanza na ya kumi, na zikifanana una kazi.

Kabla ya kuja Marekani alikuwa karani wa chama cha ushirika, na ukarani haukumtoka. Ndiye aliyeianzisha Kamati yetu na kuiandikia katiba ya kurasa kumi na nne. Ndiye aliyetaka tuwe na muhuri, tukachongesha mmoja kwenye duka la barabara ya Rockville Pike ambalo mmiliki wake hakuamini kuwa watu tisa wanauhitaji. Na ndiye aliyeweka kifungu kisemacho kwamba kila hoja lazima iwe na mtekelezaji, na mtekelezaji haondoki kazini hoja yake ikiwa wazi. Hatukukibishia. Nani angejua?

Hoja Namba Saba ilizaliwa Februari mwaka jana, chini ya Mengineyo. Mzee alisimama, akafunga kifungo cha koti la kazi, akasema anaomba Kamati iishauri timu ya wanawake ya Potomac Herons imchague Lorraine Kuria siku ya drafti, yaani ile siku timu za kulipwa zinapogawana wachezaji waliomaliza vyuo. Tulicheka. Lorraine ni binti wa Mumbi wa jikoni, mwenzetu, na alikuwa akichezea chuo kidogo ambacho hata sisi tulio saa moja tu kutoka hapo tulikuwa hatujakisikia.

Ana futi tano na inchi sita. Hakimbii sana. Akiruka, karatasi mbili zinapita chini ya viatu vyake, ya tatu inakwama. Wachambuzi wa mitandaoni waliomtaja walikuwa watatu, na wote walisema atapigwa chenga na kila mtu. Anachokiweza ni kimoja: kurusha mpira kutoka mbali ukaingia. Festus, mwenyekiti wetu, aliuliza kama hilo linatosha. Mzee akamjibu kwamba hatumwajiri akimbie, tunamwajiri afunge. Alisema ameutazama mtupo wake wa kwanza na wa mia moja, na imefanana.

Aliyempinga kuliko wote alikuwa Mumbi mwenyewe. Alisema mbele ya kikao, na nimeyanakili neno kwa neno: "Mzee, huyu mtoto ako na job Sterling kwa data center, inaanza June next year akigraduate. Ina insurance. Basketball haina pension." Wakafikia makubaliano, yakaingia kwenye muhtasari. Lorraine asipochaguliwa na timu yoyote siku ya drafti, tarehe mosi Juni ataripoti Sterling, mji wa hicho kituo cha kompyuta, na mpira utaachwa. Mzee alitia sahihi. Mimi nilipiga kura ya kupinga hoja yote, mara mbili, na sioni sababu ya kuficha.

Mwezi uliofuata hoja ikahamia kwenye Yatokanayo, na ikakaa huko kama mgeni aliyekuja na godoro lake. Kamati iliunda kamati ndogo ya watu watatu: Mzee, Festus na mimi. Jumamosi moja ya Novemba tulikwenda kwenye ukumbi wa michezo wa Beltsville, ambako Lorraine alikuwa akifanya mazoezi anapokuwa nyumbani, tuhakikishe kwa macho yetu. Lorraine anaelewa Kiswahili chote ila hujibu kwa Kiingereza. Mzee alimuuliza kama kweli anaitaka kazi hiyo ya mpira. Alisema, "I'm good either way, Babu," huku amelikazia goli macho. Mzee aliniagiza niandike kwamba jibu halijapokelewa.

Alirusha mara mia tano. Karatasi nilizobeba zilikuwa fomu za chumba cha kufulia, basi tulikubaliana kwamba mpira unaoingia uandikwe chini ya taulo safi, na unaokosa chini ya shuka za kurudiwa. Ilipofika jioni tulikuwa na taulo safi 431 na shuka za kurudiwa 69. Festus alikuwa amekaa chini sakafuni. Mimi nilikuwa nimeacha kucheka tangu taulo ya mia mbili.

Barua kwenda Herons ilikuwa barua haswa: ina Kumb. Na., ina YAH: kwa herufi kubwa zilizopigiwa mstari, na mwili ulianza kwa kuwataka wahusike na kichwa cha habari hapo juu. Tafsiri ya Kiingereza niliiandaa mimi. Muhuri ulipigwa mara mbili kwa sababu wa kwanza ulififia. Halafu nikatia bahasha viambatisho, na hapo ndipo nilipoharibu. Niliambatisha fomu yenyewe kama ilivyo, ambayo ni ya Kiingereza na inataja taulo na shuka tu, na nikaisahau tafsiri ya barua juu ya meza.

Herons walijibu kwa heshima kubwa. Walishukuru kwamba tumejitokeza kuwafulia taulo, wakasema zabuni ya ufuaji itatangazwa Septemba, na wakashauri, kwa upole, kwamba shuka 69 za kurudiwa kati ya mia tano ni nyingi kidogo. Mzee hakukasirishwa na kudhaniwa dobi, maana ni dobi. Kilichomuuma ni hiyo "nyingi kidogo". Alizunguka jengo siku mbili akieleza kila aliyekutana naye, wakazi, wauguzi, mtu wa lifti, kwamba hizo ni asilimia themanini na sita, na hakuna binadamu anayezilalamikia. Tulituma barua ya pili, yenye tafsiri. Walijibu kwamba imewekwa kwenye faili. Mzee alifurahi, kwa imani yake kwamba kitu kilichowekwa kwenye faili kina mtu anayekitunza.

Januari fomu ya kustaafu ililetwa mezani kwake na hakuisaini. Alimweleza mkurugenzi kwamba kuna hoja iliyo wazi, na mtekelezaji wake ni yeye. Mkurugenzi, mtu mwema asiye na katiba yetu, aliuliza kama huyo Lorraine ni mfanyakazi, kisha kama ni mkazi, kisha akaacha kuuliza. Mama Dorothea alipiga simu kutoka Bukoba. Hatukuyasikia maneno yake, ila Mzee alitoka nje bila koti, na ilikuwa baridi.

Jioni ya drafti, Jumatatu moja ya Aprili, tulikaa ukumbi wa chakula baada ya wakazi kula. Wengi wao walibaki. Mzee alivaa suti. Lorraine alikaa katikati yetu, na mama yake alisimama mlangoni mwa jikoni akifuta sahani ambayo ilikuwa imekauka zamani. Majina yalisomwa. Herons walimchagua msichana mrefu sana, na Mzee akampigia makofi kwa sababu ndivyo alivyolelewa. Raundi ya pili ikapita. Ya tatu ikapita. Lorraine hakutajwa na mtu. Alisema "It's fine" mara tatu. Niliumia, mimi niliyempinga mara mbili, na nilijionea aibu.

Jumatano ikawa kikao. Tulipofika kwenye Yatokanayo, Festus alisema kwa masikitiko kwamba Hoja Namba Saba imefika mwisho wake, na anaomba ifungwe ili Mzee amfuate mkewe. Mzee alikubali kwa kichwa. Hakusimama. Katika miaka yote ya Kamati sijawahi kumwona akitoa jibu kikaoni akiwa ameketi. Nilishika kalamu niandike neno "imefungwa".

Mumbi alinyoosha mkono. Alikuwa bado na aproni.

"Vaileth, usifunge hiyo kitu," alisema. "Andika jina langu hapo. Watu wote wamemtetea huyu mtoto isipokuwa mamake."

Nikauliza, kwa kufuata utaratibu, kuhusu Sterling. Akasema Sterling ameshawapigia yeye mwenyewe asubuhi hiyo kuwaambia wasimngoje Lorraine, na kwamba asiyechaguliwa siku ya drafti hakatazwi kuchukuliwa na timu yoyote siku nyingine, hilo amelisoma, na anataka barua kwa timu zote zilizobaki, kila moja na muhuri wake. Kwenye safu ya mtekelezaji nilikata jina la Laurean Rwezaura nikaandika la Mumbi Kuria. Mzee aliomba kalamu yangu. Akaitoa fomu ya kustaafu kwenye mfuko wa koti la kazi, imekunjwa vizuri mno, akaisaini mbele yetu, na machozi yakamtoka bila kuyaficha.

Mzee Laurean, chumba cha kufulia kinakushukuru, wakazi wa ghorofa zote wanakushukuru, na sisi wa Kamati tumejifunza kwako kumtazama mtu mpaka mtupo wa mia. Safari iwe njema, Mama Dorothea akupokee bila maswali mengi, na siku zako huko ziwe nyingi na za raha. Usiwe na wasiwasi na kilichobaki hapa. Hadi ninapoandika haya timu mbili zimejibu. Moja imesema hapana. Nyingine imeuliza Lorraine anaweza kufika lini kufanya majaribio, na Mumbi amewajibu, kwa barua yenye muhuri, kwamba yuko tayari hata leo.