Kicheko cha Nyuma ya Pazia

Fundi friji alikuwa katikati ya basi, mfuko wa spana mapajani na masikio, kama kawaida yake, kwenye mambo ya watu. Kiti cha mbele, nesi mwenye sare alikuwa akimweleza kinyozi, aliyejuana naye humo humo ndani, kwamba vichekesho vya siku hizi ni kelele tupu. "Lakini kile kipindi cha zamani cha Jumapili, kaka yangu! Tulicheka mpaka mbavu zikauma."

"Dada, kipindi hakikuchekesha hata kidogo," kinyozi akakataa. "Tulimcheka yule jamaa aliyekuwa akicheka huko nyuma, kama beberu aliyepaliwa na maji."

Kichwa kikamvimba fundi. Beberu huyo alikuwa yeye. Miaka sita alilipwa na kipindi hicho kukaa studio nyuma ya pazia, ameelekea ukutani, akicheka kila taa nyekundu ilipowaka. Alichokuwa akikicheka hakukiona hata siku moja, na nyumbani kwake hapakuwa na televisheni.

"Basi sikia kile kichekesho chao cha daktari," nesi akasema. "Anamwambia mgonjwa avue shati. Mgonjwa anavua. Kumbe daktari anataka kulivaa, lake limelowa!"

Kinyozi akatazama dirishani. Fundi akamwonea nesi huruma, akakitoa kile kicheko chake. Basi zima likavunjika mbavu.

"Umeona?" akasema nesi.

"Umemsikia?" akasema kinyozi.

Basi likasimama. Fundi akashuka na mfuko wake, wale wawili bado wanabishana. "Miaka sita," akajiambia, "mzee mzima, kumbe nilikuwa nachekea shati."