Mama Darubini na Mbuzi wa Dada Yake

Wasikilizaji wapendwa, leo sina mzaha mwingi. Mama Darubini ametutoka. Yule mtaalamu wa maabara wa kliniki ya mifugo alifariki Jumapili, baada ya kuugua mapafu.

Wengi mlimjua. Unapeleka mbwa wako, damu inaingizwa kwenye mashine, mashine inahesabu chembe, majibu yanatoka. Kazi imekwisha? Thubutu! Mama alipaka tone jingine kwenye kioo, akainamia darubini, akahesabu mwenyewe. Wenzake walimtania: "Mama, mashine imeshasema, unabishana nayo?" Naye: "Nabishana nayo, ndiyo. Nyie endeleeni na chai yenu."

Ubishi huo ulianzia kwa mbuzi.

Mbuzi wa maziwa, wa dada yake mkubwa. Alikuwa naye mmoja tu, amemlea kwa chupa. Siku moja mbuzi akagoma kula, akalegea. Dada akamleta kliniki. "Mdogo wangu, nakukabidhi."

Asubuhi ile mashine ilikuwa imepima mbwa. Mama Darubini akasahau kuibadilisha iwe ya mbuzi. Sasa nisikilizeni vizuri: chembe nyekundu za mbuzi ni ndogo mno kuliko za mbwa. Mashine iliyowekwa kwa mbwa haikuziona. Ikasema damu imekwisha. Daktari akasoma majibu, akashauri mnyama asiteseke zaidi. Dada akakubali huku analia. Sindano ikachomwa, mbuzi akafa.

Mama Darubini alipokuwa anasafisha mashine ndipo akaona. Imewekwa kwa mbwa! Akapaka damu iliyobaki kwenye kioo, akatazama. Chembe tele. Mbuzi alikuwa na damu ya kutosha, angeweza kutibiwa.

Angeweza kunyamaza, na nani angejua? Lakini alivua koti la kazi, akamfuata dada yake nyumbani, akamweleza yote. Dada akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akafunga mlango.

Tangu hapo kimya, miaka na miaka. Binti wa marehemu ameniambia: "Mama alimpigia mama mkubwa kila Ijumaa. Simu inaita mpaka inakata. Hata akiwa na oksijeni puani aliniomba nimpigie." Haikupokelewa.

Jana nilikwenda kwa huyo dada. Nilikwenda nimefura kwa hasira, siwafichi. Akaniambia: "Hasira ziliniisha zamani, mwanangu. Nikabaki na aibu. Kila ikiita nasema, nitapokea wiki ijayo, nikipata la kusema."

Jamani.

Binti, poleni sana wewe na baba yako. Wafanyakazi wa kliniki, poleni. Dada mkubwa, pole na wewe, tena pole sana. Na wewe unayenisikiliza, kama kuna mtu anakupigia na humpokei, mpokee, hata kama huna la kusema.

Leo ni Ijumaa. Dada amekaa na simu yake mapajani, na haitaita.