Mama Yetu, Aliyezeeka Jukwaani Kabla ya Wakati Wake

Ndugu, jamaa, majirani na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu kuja kumsindikiza mama, mimi ni mtoto wake wa pili, wenzangu wamenituma nisome kwa kuwa wanadai sauti yangu haikatiki, tutaona, na kabla sijaanza naomba nisahihishe jambo moja. Ile picha iliyosambazwa kwenye tangazo la msiba na kikundi cha maigizo, ya mama mwenye mvi kichwa kizima, mgongo umepinda, mkono umeshika fimbo, si ya mama mliyemjua juzi na jana, ilipigwa Novemba 1979, mama akiwa na miaka thelathini, mvi zile ni unga wa ngano, na mgongo aliupinda vile ili kuficha tumbo, maana mimi nilikuwa ndani. Waliotumwa kutafuta picha waliona kizee wakadhani ndiye. Mama angecheka kwanza, kisha angewapigia simu.

Mama alizaliwa tarehe 14 Machi 1949, kwenye nyumba za wafanyakazi nyuma ya karakana ya reli, mtoto wa tano kati ya saba wa fundi wa mabehewa na mshonaji wa sare za shule, na mama yetu mdogo, aliyeketi pale mbele, anasema walipolala kitanda kimoja mama alimpiga mateke usingizini mpaka wakatenganishwa, maana hata akilala alikuwa safarini. Alianza shule ya msingi ng'ambo ya reli mwaka 1957, akaendelea na sekondari ya bweni ya wasichana, kisha chuo cha ukatibu muhtasi alichohitimu Desemba 1969, na Februari 1970 akaajiriwa kuwa mpigachapa katika ofisi ya maji, kazi aliyoifanya hadi mwaka 1994, akaiheshimu kwa kuwa ilitulisha, ila najua asingependa niiongezee sentensi nyingine.

Mwaka 1972 alijiunga na kikundi cha maigizo kilichofanyia mazoezi kwenye ghala la zamani la karatasi, mwanzoni akishona mavazi ya waigizaji baada ya saa za kazi. Kikundi kilikuwa na mwigizaji mkongwe, mwanamke wa miaka hamsini na minane ambaye wote walimwita Shangazi, na ndiye aliyekuwa akiigiza wazee, lakini kiongozi wa kikundi akaanza kulalamika kwamba Shangazi, kwa ajili ya goti lake, anachelewa kushuka ngazi za jukwaa na onyesho linapoa, akamwomba mama ajaribu nafasi ile. Tarehe 9 Septemba 1972 mama aliingia jukwaani akiwa na miaka ishirini na mitatu, mikono inatetemeka, kikohozi hakiishi, anapapasa kiti huku amekikalia, watu wakavunjika mbavu, gazeti likamsifu, na tangu siku hiyo jina lake mjini likawa Kizee. Shangazi alikaa safu ya mbele, akapiga makofi, na hakuonekana tena ghalani, wala hakuna aliyeuliza kwa nini.

Tarehe 21 Juni 1975 mama aliolewa na fundi umeme wa kikundi, marehemu baba yetu, aliyejulikana kama Baba Taa, ambaye alipenda kuwaambia wageni kwamba yeye ndiye mume pekee aliyemwona mkewe akiwa ajuza kabla ya kumwoa, hivyo hakuna alichofichwa. Walijaliwa watoto watatu, kaka yetu mwaka 1976, mimi Januari 1980, na kitinda mimba wetu mwaka 1985, na sote tumekua tukimwona mama akifa jukwaani kila Jumamosi na kutufokea Jumapili kwamba vyombo havijaoshwa. Baba alifariki Mei 1998. Mama hakuwahi kupewa nafasi ya mchumba, wala ya mwanafunzi, wala ya mwanamke anayetoroka na mtu usiku, alipofika arobaini alikuwa ameshazikwa mbele za watu mara zisizohesabika, na alijifariji kwamba siku uzee wenyewe ukifika, hapo hatakuwa na mpinzani.

Ukafika. Mwaka 2016 mama akiwa na miaka sitini na saba, kikundi kikiwa kimehamia ukumbi mpya wenye viti vya kitambaa na mwongozaji mpya aliyesoma mbali, uliletwa mchezo wa mjane mzee anayekataa kutoka kwenye nyumba inayotakiwa kubomolewa, mama akausoma akijua ni wake, mpaka akakariri na maneno ya wenzake. Nafasi akapewa msichana wa miaka ishirini na sita, akafungiwa sponji mgongoni. Mama akaenda ofisini kuuliza, nikiwa nimempeleka kwa gari langu, kwa hiyo haya niliyasikia mwenyewe.

"Mama, tunazunguka na onyesho hili miezi mitatu," mwongozaji akasema, kwa heshima zote, amesimama kabisa. "Tunahitaji mtu mwenye nguvu. Uzee wenyewe tutauigiza tu."

"Ninyi mtauigiza," mama akamjibu. "Na mimi huu nilio nao niupeleke wapi?"

Mwongozaji akampa kazi ya kukata tiketi mlangoni, na mama akamshukuru kwa namna iliyomfanya yule bwana atafute kiti.

Nyumbani alihamisha kabati la vyombo peke yake, akafua mapazia yaliyokuwa safi, akalirudisha kabati, na nilipomwomba aketi kidogo akaniambia akiketi atafikiri. Aliketi siku ya tatu, na alichosema sikukitarajia, kwani nilidhani atamsema mwongozaji. Alisema, "Wale vijana wanajua uzee ni kutetemeka na kukohoa ili watu wacheke. Nani aliwafundisha? Mimi. Na nilianzia kwa Shangazi, nikamwigiza yeye mwenyewe, mbele yake, akanipigia makofi." Wiki iliyofuata akaanza kumtafuta, mtaa kwa mtaa, nasi tukimwambia mtu huyo angekuwa na umri zaidi ya miaka mia, lakini mama hakuwa wa kuzuiwa na hesabu, na hatimaye akampata mtoto wa Shangazi, mzee wa rika lake mwenye duka la vioo, ambaye alimweleza kwamba mama yake alifariki mwaka 1990. Mama akauliza kama aliwahi kuzungumzia maigizo. "Hakuzungumza sana," yule mzee akasema. "Ila kila akipanda ngazi alisema, goti hili halikuwa baya kiasi kile." Mama alirudi nyumbani kwa miguu, mwendo mrefu, akakataa lifti yangu, nami nikawa namfuata taratibu na gari huku madereva wa nyuma wananitukana.

Kesho yake alikwenda kwenye mazoezi, si kukata tiketi, akamvuta yule msichana pembeni. Msichana, ambaye leo yuko hapa nasi, ametusimulia kwamba alikuwa amejiandaa kutukanwa, akauliza kwa woga, "Mama, nitetemeke zaidi?" Mama akamwambia, "Acha kutetemeka. Mzee hatetemeki ili uone. Anajikaza usione. Wewe igiza kule kujikaza." Sponji ilitolewa wiki hiyohiyo, onyesho likapendwa, mwongozaji akapata tuzo, na mama akatazama kutoka safu ya nyuma, akapiga makofi, akaja nyumbani akahamisha tena kabati.

Mwaka 2018 aliunda kikundi chake pamoja na wastaafu watatu, mwalimu wa kuimba, karani wa posta na fundi viatu, kwa sharti moja alilolitangaza mwenyewe, kwamba hapo hakuna atakayeigiza mzee. Tarehe 17 Novemba 2018, katika bwalo la shule waliloazimwa, mama akiwa na miaka sitini na tisa aliigiza bibi harusi wa miaka kumi na tisa, hakuvaa nywele za bandia, hakujipaka kitu, miwani yake ya kusomea ikiwa kifuani kwa kamba. Watu walicheka, na mmoja akapaza sauti, "Bibi, umechelewa!" Mama, bila kutoka kwenye nafasi yake, akamjibu, "Ndiyo maana nina haraka," bwalo likalipuka, kisha akakaa dirishani kumsubiri bwana harusi, akaanza kuibembeza miguu kama afanyavyo binti ambaye hajui pa kuipeleka furaha, na kicheko kikafa chenyewe. Mimi nilimwona msichana ambaye sikuwahi kumjua, akanitisha. Waliomba kushiriki tamasha kubwa la sanaa, wakajibiwa kwamba kazi yao ni nzuri na imewekwa upande wa huduma za jamii, saa tatu asubuhi, kwenye hema la afya, jirani na meza ya kupima presha. Mama alikwenda, amekasirika hadi masikio, akaigiza kiasi kwamba waliokuwa kwenye foleni, kama walikuja na presha ya kawaida, hawakuondoka nayo.

Februari 2022 miguu ilianza kuvimba, ikagundulika moyo umetanuka, akalazwa mara kadhaa, na hata wodini hakutulia, alihamishwa vitanda kwa kuwa kila kimoja kilikuwa mbali na dirisha, na muuguzi alipomwambia, "Bibi, tumeamkaje leo?" alimjibu, "Mimi nimeamka vibaya, wewe sijui." Alifariki Jumatano, tarehe 9 Agosti 2023, saa moja asubuhi. Nisingependa kuwadanganya kwamba alikwenda kwa utulivu, alikuwa ameshika nguzo ya kitanda na anataka kuinuka, maana mazoezi ya mchezo mpya, ambamo alikuwa mwanafunzi wa darasa la saba, yalikuwa yamefika katikati.

Nafasi ile bado iko wazi. Yule msichana, ambaye sasa ana miaka thelathini na mitatu, mwezi uliopita aliambiwa na ukumbi wake kwamba uso umeshapevuka, nafasi za wachumba basi, aanze kujizoesha za akina mama, na jana alikuja hapa msibani akawaomba wale wastaafu wa kikundi cha mama wamchukue. Fundi viatu akasema sisi hatuchukui watoto, mwalimu wa kuimba akasema basi na sisi tumekuwa kama wale wa ukumbini, na mkiwaona kila mmoja ameketi mbali na mwenzake ndiyo sababu, ubishi haujaisha.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia, majirani waliotusaidia kulibeba lile kabati mara ya mwisho, wafanyakazi wenzake wa ofisi ya maji waliokuja kutoka mbali, na waigizaji wote, wa ukumbini na wa bwaloni. Mama, najua neno hili hukulipenda hata ukiwa mzima, lakini ndilo tulilo nalo, pumzika kwa amani, angalau ujaribu.